Kadi ya Pili

Habari ya kufariki kwa Mama Nafisa ilinikuta Kilifi, nikipiga picha vyumba vya hoteli. Siku hizi kazi yangu kubwa ndiyo hiyo: vitanda vilivyotandikwa shuka nyeupe, taulo zilizokunjwa zikafanywa bata, bwawa la kuogelea lisilo na mtu. Vitanda havina haya, wala havikuombi ahadi. Nilimwambia mwenye hoteli nitarudi wiki ijayo, nikafungasha, na njia nzima ya kwenda Malindi nilijiuliza kama ninayo haki ya kuingia katika nyumba ile. Nilikuwa sijavuka kizingiti chake tangu mwaka ule nilionunua kamera ya fremu nzima. Watu wa rika langu wakikumbuka ujana wao hutaja mwaka wa kumaliza shule, au wa kupata mchumba. Mimi nahesabu kwa kamera. Kabla ya mwaka ule nilikuwa msichana wa Muyeye, mtaa wa pembezoni mwa Malindi, anayembebea Bi Tima mkoba. Baada yake nilikuwa mpiga picha. Lakini nikiukumbuka, kinachonijia kwanza si furaha ya kamera mpya. Ni picha za sahani za biriani, ambazo zilisalimika, na uso wa mwanamke mmoja mzee, ambao haukusalimika kwa sababu yangu.

Bi Tima ndiye aliyenifunza kazi. Alikuwa mjane mnene, mwenye ulimi mkali na magoti mabovu, na kwa miaka mingi hapakuwa na mwanamke mwingine katika mji wa kale aliyepiga picha za kupamba. Asiyejua mambo yetu ya pwani nimweleze: kupamba ni siku ya wanawake peke yao. Bibi harusi huketishwa jukwaani aonekane, wageni huvua mabuibui yao mlangoni wakabaki na nguo zao, dhahabu zao na nywele zao, na hakuna mwanamume anayekanyaga pale hata kwa kuleta barafu. Simu hukusanywa kwenye beseni na kufunikwa leso. Mwenye kamera ni mmoja tu, sharti awe mwanamke, na sharti awe mtu wa kuaminika. Kanuni ya Bi Tima ilikuwa kwamba picha za kupamba hazilali nje. Kazi ikiisha, kadi hutolewa ndani ya kamera mbele ya mama wa bibi harusi na kuwekwa mkononi mwake. Fungate ikiisha, mpiga picha hurudi na kompyuta na printa yake, akaifungua kadi pale pale sebuleni, akachapisha zinazotakiwa, akaenda zake mikono mitupu. Enzi za filamu alikuwa akizisafisha picha bafuni kwake na kukabidhi hata filamu zenyewe. Na ikitokea kwa bahati mbaya kitu kimebaki kwako, alinambia, usikifute tu ukajisifu umefuta. Kufuta si kufuta mpaka kadi ijae vitu vingine juu yake, maana wako vijana mjini wanaoweza kufufua kilichofutwa, na yeye alishaona ndoa ya watu ikivunjika kwa picha ya namna hiyo. Nilimsikiliza kwa makini sana. Laiti ningekuwa mwanafunzi mtukutu.

Chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofani, dirisha moja, pazia zito, na harufu ya udi iliyoshindana na ya papa mkavu kutoka jikoni kwa jirani. Mchana tulikula pale pale sakafuni, wali na mchuzi wa samaki wa kupaka, tukizitazama picha zetu na kuzisikitikia. Kamera tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kihisi kidogo, kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, na penye mwanga hafifu haikuona kitu. Ukiilazimisha, picha ilijaa chenga kama unga wa mahindi uliosagwa vibaya. Dawa yake ilikuwa flashi, na flashi wanawake waliichukia. Iliwafanya wazee wafumbe macho na mafuta ya nywele yameremete kama jasho. Ndipo tukasikia kwamba mzee mmoja Mwitaliano, aliyekuwa akipiga picha za harusi za wageni ufukweni, anarudi kwao na anauza vyombo vyake. Bi Tima akasema magoti yake yatavumilia, twende.

Mzee yule alivitandaza vyombo vyake juu ya meza barazani, akatupa kahawa chungu ambayo Bi Tima aliinywa kwa uso wa mtu anayekunywa mwarobaini. Niliishika ile kamera ya fremu nzima, yenye kihisi kikubwa, nzito, rangi imechujuka pembeni kwa kushikwa, nikaielekeza ndani ya nyumba palipokuwa na giza, nikabonyeza. Picha ilitoka safi. Niliona hata mshono wa mto. Sikuwahi kutamani kitu namna ile, na leo nikisema hivyo naona aibu, kwa sababu nimetamani watu wachache kuliko nilivyoitamani kamera. Lenzi zetu za zamani zilishika juu yake, lakini zilikuwa zimetengenezewa kihisi kidogo, na juu ya kile kikubwa zilitoa picha yenye kiza pembe zote, ukadhani unachungulia kupitia bomba. Kwa hivyo ilinipasa kuchukua na lenzi, na za mzee zilikuwa tatu, na uwezo wangu ulikuwa wa mbili. Mimi nilikuwa nimeshaikumbatia ile ndefu, ile wanayobeba wapiga picha wa mpira, inayomvuta mtu aliye upande wa pili wa uwanja mpaka unahesabu kope zake. Ukiwa nayo begani hata bodaboda hukuita mkubwa.

Bi Tima alinipokonya, akairudisha mezani. "Hiyo ni ya mpira na ya wezi," akasema. "Ndani ya chumba cha wanawake picha huombwa, Kadzo. Na mtu aliye mbali huombaje?" Akanichagulia mbili fupi: moja pana kidogo, ya kuchukulia chumba na watu wake, na nyingine ya uso, ambayo inakutaka usimame karibu kiasi cha kusikia mtu anavyopumua. Nilinuna, lakini alikuwa na haki, na lenzi ile ya uso ninayo hadi leo. Kisha mzee akanionyesha mambo ya kamera yenyewe. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na Kiitaliano changu cha ufukweni. Alifungua kifuniko cha pembeni, nikaona nafasi mbili za kadi badala ya moja niliyoizoea. Akaeleza kwa bidii, akainua vidole viwili, akavigonganisha. Nikaitikia kwa kichwa na kumshukuru. Ndiyo tabia yetu: mtu akijitahidi kukueleza, ni utovu wa adabu kumwambia hujaelewa. Nilijielezea mwenyewe baadaye, nyumbani, kwamba bila shaka kadi ya kwanza ikijaa ndipo kamera huhamia ya pili. Kumbe mzee alikuwa ameipanga iandike kila picha mahali pawili kwa wakati mmoja, ili kadi moja ikiharibika nyingine iwepo. Vidole viwili vilikuwa vikisema hivyo.

Kamera mpya nikaona inastahili kadi mpya. Nikanunua moja kwenye kibanda sokoni, inang'aa, imeandikwa ujazo mkubwa ajabu, na nikaipa nafasi ya kwanza. Kadi yetu ya zamani, iliyokwaruzika na kuandikwa jina la Bi Tima kwa kalamu ya wino, nikaitia nafasi ya pili ili isikae wazi ikaingia vumbi. Hivyo ndivyo nilivyokwenda kwenye kupamba ya Nafisa.

Nafisa nilisoma naye sekondari. Ni yeye aliyeshikilia niitwe mimi, maana Bi Tima alikuwa hawezi tena kusimama muda mrefu. Nyumba yao ilikuwa ya zamani, kuta nene, vyumba vinavyofuatana kuelekea ndani, na siku ile kila chumba kilikuwa na kazi yake: kimoja cha kupika, kimoja cha kuvalia, kimoja cha kufukizia nguo. Nilifika baada ya adhuhuri, wakanipa sahani ya biriani nikaila ghalani, nimekaa juu ya gunia la mchele. Nilikuwa nimetia tonge la kwanza niliposikia wanawake wawili ukumbini, upande wa pili wa pazia. Mmoja, shangazi wa Nafisa nadhani, alikuwa akiuliza kwa nini kamera ameachiwa Mgiriama, na kama watu wa nyumba wako tayari picha zao zionekane Muyeye nzima kesho. Sauti ya Mama Nafisa ikajibu bila kupanda wala kushuka. "Huyu ni mtoto wa Bi Tima. Ufunguo wa sanduku langu n'tampa yeye kabla sijakupa wewe."

Nilitafuna lile tonge polepole. Sijui kama kuna kitu kibaya zaidi cha kumpa kijana kuliko sifa asiyotakiwa kuisikia. Nilitoka ghalani nimenyooka shingo, na kila nililofanya saa zile na siku zilizofuata nililifanya kwa ajili ya sentensi ile. Nilipiga picha sahani za biriani kabla hazijaliwa, viatu vilivyorundikana mlangoni, vikuba vya asumini vya kupachika nguoni juu ya sinia, mikono ya Nafisa na hina yake. Nilimwomba kila mmoja kabla ya kumpiga, mpaka wengine wakacheka wakaniambia nipige tu, wao si wake wa mfalme. Lenzi ile fupi ilifanya alivyosema Bi Tima. Ilibidi nisogee, na nikisogea wao waliniona, na wakiniona waliamua. Bila flashi, kwa mwanga wa taa za ukumbini tu, picha zilitoka laini na za kweli. Nilijiona nimefika.

Karibu na magharibi Nafisa alinivuta mkono akanipeleka chumba cha ndani kabisa, kwa nyanya yake, Bi Mwanaisha. Bibi huyu hakuwa na picha. Tuseme alikuwa na ile ya kitambulisho, aliyopigwa kwa amri ya serikali, na ambayo mwenyewe alisema ni ya mtu mwingine waliyembandika kwa makosa. Nyingine zote alizikataa maisha yake yote. Haya ilikuwa sababu moja, na macho sababu ya pili, kwa kuwa alikuwa na mtoto wa jicho na flashi ilimchoma. Tulimkuta amekaa kitandani, amevaa gauni la hariri, nywele zake nyeupe zimesukwa mistari miwili. Nikapiga goti, "Shikamoo Bibi," akanijibu marahaba na kuuliza huyu ni nani mwenye sauti ya bara kidogo. Nafisa akamsihi. Akamwambia Bibi kwamba ana mjukuu mmoja tu wa kike na mjukuu huyo anahamia kwa watu, na anataka kila akija amkute hapa, hata pichani.

Bibi alinigeukia mimi, si mjukuu wake. "Lamulika hilo?" akauliza. Nikamwambia halimuliki. "Na hiyo picha itakwenda wapi?" Nikasema, "Haitatoka nyumba hii, Bibi. Nakuahidi." Akatafakari, akaomba kanga yake mabegani, kisha akaomba iondolewe. Nikaweka ile lenzi ya uso. Nilisogea mpaka nikasikia pumzi yake na harufu ya karafuu, na akaniangalia moja kwa moja kwa yale macho yenye ukungu. Nilipiga chache. Moja ilikuwa ile ambayo mpiga picha huipata mara moja au haipati, na niliijua papo hapo. Nikamwonyesha kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Alikishika kwa mikono miwili, akakileta karibu na pua. Mwishowe akasema, "Huyu si mimi. Huyu ni mamangu." Nafisa alilia mpaka wanja ukamharibikia, ikabidi apambwe upya.

Wageni walipoanza kuchukua mabuibui yao nilimwita Mama Nafisa, nikafungua kamera mbele yake, nikatoa kadi mpya inayong'aa na kumwekea mkononi. Hata niliona fahari kwamba nampa iliyo mpya. Ningeona vibaya kumkabidhi kadi kuukuu yenye mikwaruzo. Aliifunga katika leso, akaitia sandukuni, akanibusu kichwani. Asubuhi yake, nyumbani Muyeye, nilikuwa nikifuta vumbi kamera, nikabonyeza kitufe cha kutazamia bila kutarajia kitu. Akatokea Bi Mwanaisha. Nilirudi nyuma: Nafisa, mama yake, yule shangazi aliyenisema akiwa amefungua nywele na anacheza. Wote walikuwamo kwenye ile kadi ya zamani. Nilikuwa nimetoka na nyumba nzima mkobani.

Ningeweza kuvaa viatu na kurudi. Ndilo jambo ninaloligeuzageuza hadi leo, kwa sababu lilikuwa rahisi mno: ningebisha hodi, nikaeleza habari ya nafasi mbili, nikakabidhi na ile ya pili, na Mama Nafisa angecheka au asingecheka. Lakini nilimsikia shangazi nyuma ya pazia, na nikajiona nimesimama mlangoni, Mgiriama wa Muyeye, nikikiri kwamba wanawake wao wamelala kwangu usiku kucha. Nani angeamini ni bahati mbaya? Nikaamua kufanya alivyonifunza Bi Tima. Kabla ya kufuta nilimtazama Bibi kwa muda mrefu. Nilijua kwamba picha ile ingenifungulia milango Mombasa na hata Nairobi, nikajiambia, ona, mtu mwingine angeibakisha, wewe hapana. Nikafuta. Kisha nikatoka nje kuifunika kadi na vitu vingine, na kitu kilichokuwa mbele yangu kilikuwa ukuta wa jirani, nikaupiga picha, nikaupiga tena, mpaka kidole kikafa ganzi na kadi ikajaa. Jirani alipita na ndoo ya maji akaniuliza, "Kadzo, huo ukuta waolewa lini?" Nikacheka naye. Niliingia ndani moyo mweupe, nikala chakula cha mchana kwa hamu. Katika yote ya mwaka ule, hamu ile ya kula ndiyo inayoniuma zaidi.

Fungate haikuisha vizuri. Bibi alianguka bafuni, akalazwa, Nafisa akarudi kumuuguza, na hakuna aliyekumbuka picha. Bibi alikaa kitandani miezi michache, kisha akafa. Waliponiita kuifungua kadi ilikuwa baada ya arubaini yake, na hawakuniita kwa ajili ya harusi. Nilipoingia sebuleni wanawake walikuwa wamejipanga kwenye mikeka na mito, kahawa tayari, mahamri na mbaazi kwenye sinia, na wakanikalisha katikati na kompyuta yangu mbele, kana kwamba namleta Bibi mwenyewe kutoka safari. Mama Nafisa akafungua leso. Zilianza picha za sahani za biriani. Wakacheka kidogo, wakamsifu mpishi. Vikafuata viatu, vikafuata vikuba vya asumini, ikafuata mikono ya Nafisa. Halafu ikaja picha iliyokuwa nusu ukumbi na nusu kijivu. Halafu kijivu kitupu. Niliendelea kubonyeza, na kijivu kiliendelea kuja, na nikawa nasikia mkufu wa mtu ukigonga kikombe.

Ile kadi mpya ilikuwa bandia. Ujazo ulioandikwa juu yake ulikuwa uongo. Ndani ilikuwa na nafasi ndogo tu, na ilipojaa ilikubali kila picha na haikuhifadhi hata moja. Ile niliyomwonyesha Bibi siku ile, kamera ilinionyesha kabla ya kadi kuipokea. Nilijua hayo yote baadaye. Pale sebuleni nilijua jambo moja tu, kwamba mahali pekee alipokuwamo Bi Mwanaisha palikuwa kadi ya pili, na kadi ya pili ilikuwa imejaa ukuta. Shangazi aliuliza kama hazipo mahali pengine. Nikasema hazipo. Ulikuwa ukweli, na niliusema nikitazama vidole vyangu. Mama Nafisa akasema ni mipango ya Mungu, akaagiza niongezewe mahamri, na nikayala, kwa sababu kuyakataa kungekuwa kukiri.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa kijana wa mjini anayefufua picha, nikampa kadi ya zamani, nikakaa kwenye benchi lake mpaka jioni. Alinigeuzia kompyuta yake ikiwa imejaa ukuta wa jirani, jiwe kwa jiwe. Akaniuliza kwa heshima kama ndio huo ninaoutafuta. Nilimweleza Bi Tima, nikitumaini atanitukana, maana matusi yake yalikuwa dawa. Hakunitukana. Alijisugua magoti, akasema, "Ulifanya nilivyokufunza." Aliendelea kuishi miaka kadhaa baada ya hapo, na sikumsikia tena akimfunza mtu ile kanuni ya kuijaza kadi.

Nafisa alikuja Muyeye siku chache baadaye, peke yake. Hakukaa. Aliniuliza kama kweli sikubaki na nakala, hata moja, hata mbovu. Mbele ya huyu sikuweza kutazama vidole vyangu. Nikamweleza kila kitu, nafasi mbili, vidole vya mzee, ukuta. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo ulikuwa naye," akasema. Nikasema ndiyo. "Ukamfuta." Nikamwambia nilimwahidi Bibi. Alifunga ushungi wake vizuri, akaniaga kwa adabu kama unavyomuaga mwenye duka, akaondoka. Nilipiga kupamba chache baada ya hapo, kisha nikaacha. Kila nilipokabidhi kadi niliona yale macho ya Bibi yenye ukungu. Nafisa alipojifungua mtoto wa kwanza aliniletea mwaliko wa akika, na wa pili pia, na Mama Nafisa alinitumia salamu kila Idi. Mara zote nilikuwa na kazi Kilifi, au Watamu, au homa. Kadiri walivyonikaribisha ndivyo nilivyozidi kushindwa kwenda.

Basi hiyo ndiyo nyumba niliyoiendea juzi kumpa Nafisa pole. Nilidhani nitakaa nyuma, wenzangu wanaojua wasome Yasini, mimi Mkristo nikiinamisha kichwa tu, kisha nitoroke. Aliniona kabla sijavua viatu. Amenenepa, ana mvi mbele, na macho yalikuwa yamevimba kwa kulia. Alinichukua mkono akanipitisha katikati ya wanawake mpaka jikoni, palipokuwa na sufuria za pilau ya wafiwa na wasichana wawili wakimenya vitunguu, akawatuma nje. Tukakaa juu ya vibao vya mbuzi vya kukunia nazi. Tulizungumza habari ya maradhi ya mama yake, dakika zake za mwisho, nani amefika kutoka Mombasa na nani hajafika. Akaniuliza kwa nini sikuwa nikija, nikaanza kutaja kazi, akaniinulia mkono niache.

"Siku ile nilipokuja kwako Muyeye," akasema, "niliomba njia nzima useme unayo. Wallahi niliomba. Na lau ungesema unayo, ningeichukua, nikakushukuru, na mlango wa nyumba hii usingefunguliwa kwako tena." Alikuwa akikoroga pilau ambayo haikuhitaji kukorogwa. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mamake aliwahi kumuuliza lipi lingekuwa bora, kubaki na picha ya Bibi wakanifungia mimi mlango, au kubaki na mimi bila picha, na yeye hakujua la kumjibu, na mpaka leo hajui.

Msichana mmoja akarudi kuulizia chumvi, Nafisa akampa, akafunika sufuria. Mimi nikachukua kisu nikamenya vitunguu walivyoviacha wasichana, kwa sababu ni nyumba ya msiba na hapakuwa mahali pa kumjibu. Lakini jibu nilikuwa nalo. Bora Bibi angebaki ndani, na mimi nje.